Askari wa Akiba na Heshima Isiyotolewa Bure

Katika majeshi mengi ya ulimwengu wamo watu wanaovaa sare siku mbili tu kwa mwezi. Siku nyingine zote ni makarani, wakulima, mafundi wa magari, wauguzi na walimu. Ijumaa jioni huzipiga pasi sare zao, huwaaga jamaa zao na kwenda kambini, na Jumapili usiku hurejea nyumbani na matope kwenye buti. Hawa ndio askari wa akiba. Vita vikizuka serikali huwaita, na mtu aliyekuwa akiuza viatu mwezi uliopita hujikuta bega kwa bega na mtu ambaye tangu ujana wake hana kazi nyingine ila bunduki.

Je, watu hawa wawili hutazamanaje? Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali hilo tulipokuwa tukisoma habari za Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitaka kujua iwapo askari wa kudumu humhesabu mwenziwe wa akiba kuwa askari kweli. Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana majenerali wamelumbana juu ya swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na kila mara jibu lake limetafutwa kwa gharama ya roho za watu.

Jibu la haraka ni kwamba hamhesabu hivyo, angaa mwanzoni. Waingereza waliwapachika watu wao wa akiba jina la askari wa Jumamosi usiku. Wamarekani nao wana wapiganaji wao wa wikendi. Majina haya hutamkwa kwa mzaha, lakini chini ya mzaha huo ipo hofu, na hofu hiyo ina msingi. Askari wa akiba wa Marekani kwa kawaida hufanya mazoezi wikendi moja kila mwezi na majuma mawili kila mwaka. Ukijumlisha utapata siku zipatazo 39. Askari wa kudumu akizitia siku hizo kwenye mizani pamoja na zake, hujiuliza: huyu akisahau kufunga mlango wa kifaru, akikosea kusoma ramani, akiufyatua mzinga kabla ya wakati wake, atakayekufa ni nani? Si yeye pekee yake. Dharau ya askari kwa asiyefunzwa ni tofauti na ile ya tajiri kwa maskini. Ni woga wa abiria aliyepanda matatu na kugundua kwamba dereva ameanza kazi leo.

Walimu wenzangu watanielewa kwa urahisi. Hebu mkumbukeni mwalimu wa mazoezi anapofika shuleni na faili lake jipya. Chumba cha walimu humpokea kwa adabu, chai humiminwa, kiti cha karibu na dirisha hutafutwa, lakini hakuna anayemkabidhi darasa la watahiniwa. Cheti chake hakimsaidii, na ufasaha wake humdhuru zaidi. Heshima huanza siku ile mwalimu wa darasa la pili anapopita dirishani na kusikia wanafunzi watundu wametulia, wanamwuliza mgeni maswali ya maana.

Turudi vitani. Mwaka 1907 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotungwa na Waziri wa Vita, Richard Haldane, ya kuvikusanya vikosi vya watu wa kujitolea na kuwa jeshi moja la akiba. Jeshi hilo lilianza rasmi tarehe 1 Aprili 1908. Lilikuwa na brigedi zake, mizinga yake na hospitali zake, na mabaraza ya kila wilaya ndiyo yaliyolisimamia. Vita vilipozuka Agosti 1914, wizara ya Haldane ilikuwa imeangukia mikononi mwa Lord Kitchener. Mzee huyu alikuwa askari wa kudumu tangu utosini hadi unyayoni. Katika ujana wake, mwaka 1871, alikuwa Ufaransa akayaona kwa macho yake majeshi ya raia yakivurugwa na Wajerumani, na kumbukumbu hiyo haikumtoka. Akaliona jeshi la akiba kuwa jeshi la makarani wa miji. Badala ya kulitumia kuwa msingi wa kupanulia jeshi, aliamua kuunda jeshi jingine jipya kabisa, akianza na vijana ambao hawakuwahi kushika bunduki hata siku moja. Ajabu ilioje! Alimkataa aliyefunzwa kidogo akamchukua asiyefunzwa kamwe, kwa sababu yule wa pili hakuwa na mazoea mabaya ya kumtoa.

Lakini askari wa kudumu waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji walipukutika upesi kuliko Kitchener alivyoweza kuwafunza vijana wake. Ikabidi hao makarani waitwe. Tarehe 31 Oktoba 1914, karibu na kijiji cha Messines nchini Ubelgiji, batalioni ya London Scottish, ambayo wengi wa askari wake walikuwa watu wa maofisi jijini London, ikawa ya kwanza miongoni mwa batalioni za akiba za askari wa miguu kuingia vitani. Walipambana usiku kucha. Kilichonigusa zaidi katika kisa chao ni bunduki zao. Walikuwa wamepewa bunduki ambazo sehemu yake ya kutilia risasi haikupatana na risasi mpya walizogawiwa. Bunduki zikakwama. Wengi walilazimika kutia risasi mojamoja kwa vidole, gizani, Wajerumani wakiwajia kwa wingi. Mamia miongoni mwao waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Waliobaki hawakuitwa tena askari wa Jumamosi, angaa si na wale waliokuwa nao katika handaki.

Nakisimulia kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wasimulizi wa ushujaa hupenda kuliruka. Aghalabu askari wa akiba hulaumiwa kwa umaskini ambao si yeye aliyeuleta. Hupewa bunduki zilizoachwa, magari yaliyochakaa, redio zisizosema na redio nyingine, kisha anaposhindwa huambiwa, "Si tulisema?" Ni kama kumpeleka mtoto shuleni bila kitabu na kumchapa kwa kutokujua kusoma.

Mfano ulio na mafunzo mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa Wamarekani katika Vita vya Ghuba, kwa kuwa ndani ya vita hivyo vifupi yalitokea yote mawili, kushindwa na kufaulu, na twaweza kuyalinganisha.

Yafaa kwanza kujua walikotoka. Wakati wa vita vya Vietnam, Rais Lyndon Johnson alichagua kupigana karibu bila ya kuwaita askari wa akiba. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyejiunga na National Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo, alishukiwa kuwa amekimbilia huko ili asipelekwe Vietnam. Shaka hiyo haikuwa ya uongo mtupu. Vita vilipokwisha, wakuu wa jeshi waliapa kwamba taifa halitapelekwa tena vitani huku raia wakitazama tu, na mwaka 1973 ikawa sera rasmi kwamba majeshi ya kudumu na ya akiba yahesabiwe kuwa nguvu moja. Divisheni kadhaa zilipunguziwa brigedi moja ya kudumu na kupewa mahali pake brigedi ya akiba kutoka jimbo fulani. Kwa hesabu ya makaratasi divisheni ilikuwa kamili.

Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, makaratasi yakapimwa. Divisheni ya 24 ilipaswa kwenda na Brigedi ya 48 ya akiba kutoka jimbo la Georgia. Ilikwenda bila hiyo, ikachukua brigedi nyingine ya kudumu. Wanaume wa Georgia waliitwa mwishoni mwa Novemba, wakapelekwa katika jangwa la California, kwenye kambi ya Fort Irwin ambako jeshi hufanyiwa mitihani migumu. Huko udhaifu ukajitokeza. Masajini wengi walikuwa hawajahudhuria mafunzo ya vyeo vyao. Maafisa walishindwa kuunganisha mizinga, vifaru, askari wa miguu na ugavi kwa wakati mmoja. Magari yaliharibika na waliojua kuyatengeneza walikuwa wachache. Wao kwa upande wao walinung'unika kwamba jeshi la kudumu halikuwataka tangu mwanzo na kwamba kila walipokifikia kipimo, kipimo kilisogezwa. Yamkini pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Brigedi hiyo ilitangazwa kuwa tayari tarehe 28 Februari 1991. Siku hiyo hiyo mizinga ilinyamaza. Vita vya nchi kavu vilikuwa vimedumu saa 100 tu.

Sasa tazama upande wa pili. Katika jeshi la Marine kulikuwa na kombania ya akiba ya vifaru kutoka mji wa Yakima, jimbo la Washington. Hawa walizoea vifaru vya kale. Waliitwa, wakapewa chini ya mwezi mmoja kujifunza vifaru vipya vya aina ya M1A1, kisha wakapelekwa Ghuba. Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1991, wakiwa ndani ya Kuwait, waliona kwa darubini zao za joto msururu wa vifaru vya Iraq ukiwajia. Katika muda wa dakika chache waliviteketeza zaidi ya 30. Miongoni mwa waliokuwa ndani ya vifaru hivyo walikuwamo vijana wa chuo.

Iweje basi? Je, wanaume wa Yakima walikuwa mashujaa na wa Georgia waoga? Hasha. Tofauti ni ya kazi waliyopewa. Ndani ya kifaru kimoja wamo watu wanne. Kulenga, kutia kombora, kuendesha na kuamuru ni stadi ambazo watu wanne wanaweza kuzinoa kwa wikendi chache na kuzihifadhi, hasa wakiwa wa mji mmoja na wamekaa pamoja miaka mingi. Katika hilo askari wa akiba humshinda hata wa kudumu, ambaye kila baada ya muda huhamishwa na kuanza upya na wenzi asiowajua. Lakini kuiongoza brigedi ya maelfu ya watu ni jambo jingine. Humo asiyejua mwenziwe atafanya nini katika nusu saa ijayo huleta msiba, na ujuzi huo haupatikani kwa siku 39 za mwaka hata mtu awe na akili kama moto. Waliopanga mambo walikuwa wamewapa watu wa Georgia mtihani wa Kidato cha Nne baada ya kuwafundisha muhula mmoja.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali la mwanafunzi wangu. Askari wa akiba hupata heshima anapokuwa na kazi ambayo aliye mbele yake anaihitaji, na anapoifanya kwa ukamilifu. Haipati kwa kuiga mwendo na matusi ya askari wa kudumu, wala kwa kuuonyesha ukanda wa cheo chake. Kamwe haipati kwa kujifanya anajua. Meja wa akiba anayemwambia sajini wa kudumu, "Nionyeshe," hupoteza dakika mbili za fahari na kupata mwalimu. Anayetoa amri asiyoielewa huwa hadithi ya bwalo zima kabla ya chakula cha jioni.

Siku ile ile ya tarehe 25 Februari 1991, jioni, kombora la Iraq la aina ya Scud liliangukia jengo lililokuwa limegeuzwa mabweni ya askari katika mji wa Al Khobar, Saudi Arabia. Wamarekani 28 waliuawa. Kati yao 13 walikuwa wa kikosi kimoja kidogo cha akiba, cha 14, kilichotoka mji wa Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Kikosi hicho kilikuwa na watu 69 na kilikuwa kimefika siku sita tu zilizopita. Kazi yake ilikuwa kusafisha maji.

Wengi husema kwamba damu ya siku ile ndiyo iliyowanunulia askari wa akiba heshima yao. Sipendi kauli hiyo, na ningewasihi walimu wasiifundishe. Kombora haliulizi mtu ana mkataba gani, na kufa mabwenini si ustadi. Kilichowafanya watu wa Greensburg kuwa na maana kwa jeshi zima ni maji. Jeshi la nusu milioni lililokaa jangwani haliendi popote bila maji safi, bila malori na bila wauguzi, na sehemu kubwa ya vikosi vya kazi hizo ilikuwa imewekwa katika akiba. Jenerali angeweza kuiacha brigedi ya Georgia nyumbani na bado ashinde. Angeiacha mitambo ya maji asingeshinda. Kazi ya maji haina wimbo wala sanamu mjini, ila askari mwenye kiu hamdharau anayemjazia chupa.

Vita vya baadaye viliwaleta karibu zaidi. Mwaka 2005 karibu nusu ya brigedi za mapigano za Marekani nchini Iraq zilikuwa za National Guard, na miongoni mwazo ilikuwamo ile ile ya 48 ya Georgia, safari hii katika eneo gumu la kusini mwa Baghdad. Maadamu askari wa akiba sasa alikaa mwaka mzima kwenye mstari wa mbele, ile hesabu ya siku 39 ilianza kusahaulika.

Tarehe 20 Machi 2005, karibu na mji wa Salman Pak, msafara wa malori ulivamiwa na kundi la wapiganaji wapatao 50 waliokuwa wamejificha kwenye mahandaki na miti. Askari kumi wa polisi wa kijeshi, wote wa akiba kutoka jimbo la Kentucky, waliokuwa wakiufuata msafara huo katika magari matatu, hawakukimbia wala hawakusimama nyuma. Waliyaingiza magari yao baina ya malori na wavamizi, kisha wakageuka na kuuzunguka ubavu wa adui. Sajini Leigh Ann Hester, mwanamke mwenye umri wa miaka 23, na mkuu wake Timothy Nein waliingia ndani ya handaki kwa miguu na kulisafisha. Wavamizi 27 waliuawa na msafara ukaokoka. Hester alitunukiwa nishani ya Silver Star, mwanamke wa kwanza kuipata tangu Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya kuitwa alikuwa akisimamia duka la viatu mjini Nashville.

Duka la viatu ndilo linalopendwa na magazeti. Mimi navutiwa zaidi na kwamba hawakubuni lolote siku ile. Walikuwa wameyafanyia mazoezi mapambano ya kuviziwa barabarani mara nyingi, na kila mmoja alijua gari lake litakwenda wapi risasi ya kwanza ikilia. Ni ule mfano wa kifaru cha Yakima kwa sura nyingine: watu wachache, kazi inayojulikana, na marudio yasiyochosha.

Upo pia ufundi ambao askari wa akiba huja nao kutoka nyumbani, na ambao jeshi la kudumu halina pa kuununua. Mwaka 2008 National Guard ya jimbo la Missouri ilipeleka Afghanistan, katika mkoa wa Nangarhar, kikosi kilichochanganya askari walinzi na askari waliokuwa wakulima na wataalamu wa kilimo katika maisha yao ya kawaida. Majimbo mengine yakafuata. Kapteni wa kudumu aliyehitimu chuo cha kijeshi kwa alama za juu hakujua kwa nini mti wa komamanga unakauka. Mkulima wa Missouri aliyevaa sare alijua pa kuanzia.

Basi tuache majangwa ya mbali tuje kwetu Afrika Mashariki, ambako neno lenyewe, mgambo, ni la Kiswahili na lina historia yake.

Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la Tanzania halikuwa kubwa. Lilikuwa na askari wapatao 40,000. Katika miezi michache lilipanuka na kupita 100,000, na wengi wa walioongezwa walikuwa wanamgambo: wakulima na wafanyakazi waliokuwa wamepewa mafunzo vijijini na makazini, wakaitwa kutoka mashambani na kupakiwa kwenye malori na mabehewa kuelekea kaskazini-magharibi. Wapo waliofika mpakani wakiwa hawajawahi kusikia mlio wa kombora.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, katika mji wa Lukaya ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Brigedi ya 201, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya wanamgambo, ilikabiliwa na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya wenye vifaru na mizinga ya maroketi. Maroketi mengi yalipita juu ya vichwa vyao. Hata hivyo ngurumo na moto vilitosha. Safu zilivunjika, wanamgambo wakarudi nyuma gizani kwa vurugu. Kama hadithi ingeishia hapo, wenye kudharau wangekuwa na hoja kwa miaka hamsini.

Haikuishia hapo. Brigedi ya 208, iliyokuwa na askari wazoefu zaidi, iligeuzwa usiku huo huo ikaikata njia ya Kampala nyuma ya adui. Nayo Brigedi ya 201 ilikusanywa upya. Alfajiri ya tarehe 11 Machi wale wale waliokimbia usiku walirudi kushambulia kutoka upande wa kusini huku wenzao wakipiga kutoka kaskazini. Walibya na askari wa Amin waliuawa kwa mamia, na tangu siku ile njia ya Kampala ilikuwa wazi. Mji huo ulianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Nimewasikia watu wakisimulia vita vile kana kwamba hakuna aliyekimbia, na nadhani wanawapunja wanamgambo kwa kudhani wanawasitiri. Kukimbia usiku wa kwanza wa maroketi ni jambo ambalo hata askari wa kudumu wa mataifa makubwa wamelifanya. Kuamka saa chache baadaye, ukiwa unajua sasa ngurumo ile ni ya nini, na kuifuata ulikoitoroka, ni jambo la watu wachache. Askari wa Brigedi ya 208 waliuona upande wa pili wa uwanja ule ukisonga mbele kulipopambazuka. Hawakuhitaji kuambiwa na mtu ni nani waliokuwa wakisonga.

Nasi hapa Kenya, tukitaja akiba, mawazo huenda kwanza kwa polisi. Polisi wa akiba walianzishwa mwaka 1948 na wakoloni, na leo wanatajwa katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kuwa watu wa kujitolea. Si askari wa jeshi, nakiri, lakini kisa chao ni kile kile. Wakazi wa Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Baringo na Marsabit wanawajua: mzee au kijana wa kijijini, mwenye kandambili za mpira wa gurudumu, blanketi begani na bunduki ya serikali mkononi. Afisa wa polisi wa kudumu aliyehamishiwa huko kutoka bara humtazama kandambili zake na kutabasamu. Tabasamu hilo hudumu mpaka ng'ombe wa kwanza wanapoibwa. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba mwenye kandambili husoma nyayo kama afisa asomavyo gazeti, hujua kisima gani kina maji mwezi huu, na hutambua mahali ambapo bonde hugeuka kuwa mtego.

Novemba 2012 polisi waliingia katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kuwafuata wezi wa mifugo, wakaviziwa. Zaidi ya 40 waliuawa, wakiwamo polisi wa akiba. Iliripotiwa kwamba wengi wa maafisa wa kudumu waliopelekwa siku ile walikuwa vijana waliotoka chuoni karibuni. Nani basi alikuwa mzoefu na nani alikuwa mgeni katika bonde lile? Sare haikuwa na jibu.

Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya polisi wa akiba bunduki katika kaunti kadhaa, ikisema kwamba baadhi yao walizitumia vibaya. Malalamiko hayo hayakuwa ya kubuni. Bunduki isiyo na daftari la kuisimamia hupotea njia. Lakini mashambulizi yaliendelea, na operesheni kubwa ya kiusalama ilipoanza Kaskazini mwa Bonde la Ufa Februari 2023, wanavijiji walikuwa tena wakiandikishwa na kupewa silaha. Kunyang'anya na kurudisha namna hii hakumjengi mtu. Yule wa Yakima alikuwa na wikendi yake kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, iwe amani au vita. Wetu hukumbukwa risasi zinapolia.

Kama ningekuwa na sauti mbele ya wanaopanga mambo hayo, ningeomba vitu vichache visivyo vya gharama kubwa: siku za mazoezi zilizoandikwa kwenye kalenda na kufanywa pamoja na polisi wa kudumu wa kituo hicho hicho, redio inayosikilizana na ya kituo, na daftari linaloonyesha jina la mtu, bunduki yake na jamaa zake. La mwisho hilo si la bunduki tu. Familia za polisi wa akiba waliouawa kazini zimelalamika mara nyingi kwamba hazikupata fidia kama zile za maafisa waliokufa nao katika shambulio moja, na ni vigumu kumwambia mwanamume wa Kapedo asonge mbele kando ya afisa anayejua kwamba watoto wake yeye watasomeshwa.